Taka za Kaya Namba Nne

Mdogo wangu wa kike aliponiambia amepata nafasi chuo kikuu kusomea usimamizi wa mazingira, nilimuuliza mazingira yapi, maana haya ya mtaani kwetu Kiwalani hayajawahi kumsikiliza mtu. Hakucheka. Alipofika mwaka wa mwisho alikuja kwangu kutoka hosteli na mizani ya ndoano, glavu za mpira na rundo la viroba vyeupe, akasema sasa anataka kupima taka zangu.

Mie ni mtu wa ndani. Nina cheti cha kidato cha nne na cherehani, na vyote viwili nalala navyo chumba kimoja. Wateja hunifuata dirishani. Duka liko hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu, na nikizimaliza hizo najiona nimesafiri. Jirani yangu ni bibi mmoja wa hapahapa pwani, anaishi peke yake, ukuta wetu ni mmoja na ulimi wake hauna pazia. Yeye huniita mwali.

"Mwali, leo jua umeliona?" hunipigia kelele. "Au bado hujatolewa?"

Basi utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Nyumba kumi za kichochoro chetu zilipewa namba na viroba, yangu ikawa Kaya Namba Nne. Taka zote za siku zinaingia kwenye kiroba, hata waokota chupa wasipewe kitu. Kila asubuhi saa mbili mdogo wangu anapita, anapima, anamwaga juu ya turubai, anatenga: zinazooza huku, plastiki kule, karatasi pale, anaandika. Siku nane. Humo ndimo ingetoka ripoti ya kumalizia chuo, na mwalimu wake alikuwa ameshamwambia kwamba takwimu zikinuka kupikwa, atarudia mwaka mzima.

Kabla ya kuanza alikuja na dodoso, akakaa juu ya kitanda changu kama karani wa sensa.

"Mkuu wa kaya, jinsia?"

"Hunioni?"

"Kaka, jibu. Nimeambiwa nikuchukulie kama mtu mwingine yeyote."

"Mtu mwingine yeyote ungemsalimia kwanza."

"Shikamoo," akasema bila kuinua kichwa. "Jinsia, me. Idadi ya watu, mmoja. Vinywaji vya chupa za plastiki kwa siku?"

Mwaka uliopita daktari aliniambia sukari yangu imepanda, soda nisiiguse tena. Mdogo wangu ndiye aliyenipeleka hospitali, ndiye aliyenishika mkono njia nzima wakati wa kurudi, na ndiye niliyemwapia kwamba nimeacha. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakunywa mbili kwa siku, na tatu msimu wa kushona sare za shule.

"Maji tu," nikasema. "Ya kisima, nachemsha."

Akaandika sifuri, kubwa, ya duara safi kabisa. Aliiandika kwa raha.

Jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya kupima nilikaa natazamana na kile kiroba. Ndani mlikuwa na maganda ya ndizi, majani ya chai, na chupa mbili zilizolala ubavu kama washitakiwa. Kuzitupa wapi? Mtaa mzima ulikuwa umeambiwa taka zisihame. Nikapata akili ambayo niliiona kubwa sana wakati ule. Kiroba cha bibi, Kaya Namba Tano, hukaa nje ya mlango wake. Alfajiri, mie nisiyetoka nje hata mtaa wa pili ukiwa na harusi, nikatoka nikinyata, nikazichomeka chupa zangu katikati ya magamba yake ya samaki, nikarudi kulala.

Mie ni Mkristo wa Kusini, tena mvivu wa kuamka. Haikunijia kabisa kwamba alfajiri ndiyo saa ambayo bibi yule yuko macho, ametawadha, anajiandaa kuswali, na dirisha lake liko wazi.

Siku ya tano nilikuwa napinda suruali nikamsikia mdogo wangu mlangoni kwa bibi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja kupima nini tena, kucha?"

"Hapana, bibi, nina swali dogo tu. Zile chupa za soda ni za wageni? Maana unaishi peke yako, na siku zote ni mbili, tatu."

Mguu wangu ukaganda juu ya kanyagio la cherehani.

"Ah, hizo," bibi akasema, akapandisha sauti ili ukuta usikie vizuri. "Hizo za mchumba wangu. Huja alfajiri, huziacha, hukimbia. Ana haya huyo! Nimemwambia aingie ndani anywe kahawa, hataki."

Mdogo wangu akacheka, akamwambia kwa heshima zote kwamba soda kwa umri wake si nzuri.

"Kamwambie mchumba," bibi akajibu.

Kutoka pale akaja kwangu, akafungua daftari. Uso wake ulikuwa na wasiwasi na furaha, vyote kwa pamoja. Bibi mmoja, alisema, ana plastiki kama nyumba ya watu watano, na hilo mwalimu atalitilia shaka. Lakini Kaya Namba Nne! Mwanamume mmoja, hapiki sana, hatoki, na plastiki karibu hakuna.

"Nitakuandikia ukurasa mzima, kaka. Nitaeleza kwamba mtu akiamua kubadili tabia, anabadilika. Jumamosi mwalimu anakuja kuangalia, atawahoji nyie wawili."

Akaondoka anaimba chinichini. Nikajaribu kutunga uzi kwenye sindano, tundu silioni. Haikupita muda, ukuta ukaongea.

"Mwali!"

"Naam, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huyo mwalimu akija akiniuliza, mie na udhu wangu sisemi uongo. Mtoto wa watu nimemtania, lakini mkubwa mwenzangu simdanganyi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Shona."

Sikushona. Nilipiga hesabu ya siku zilizobaki kufika Jumamosi, nikakuta ni mbili, na zote fupi. Mdogo wangu atasimama mbele ya mwalimu wake na ukurasa mzima wa sifa zangu, kisha bibi atafungua kinywa, na aliyepika takwimu ataonekana ni yeye. Nani angeamini kwamba mtafiti hajui anayoyafanya kaka yake?

Nikazimaliza hatua kumi na mbili, nikaongeza nyingine zaidi ya mia, nikamkuta mwisho wa kichochoro anakunja turubai.

"Za bibi ni zangu," nikasema.

"Nini zako?"

"Chupa. Nilikuwa nahamisha."

Akanitazama. "Siku zote tano?"

"Nne. Leo nilipitiwa na usingizi, ziko chini ya kitanda."

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Alifungua daftari, akaweka rula, akapiga mstari juu ya Namba Nne, akapiga mwingine juu ya Namba Tano, taratibu, kama mtu anayekata kitambaa cha gharama. Kisha akasogea pembeni, akampigia mwalimu wake simu. Nilisikia "ndiyo, mwalimu" nyingi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Amesema Jumamosi haji tena, nirudie nyumba hizi mbili, siku nane upya. Ripoti itachelewa, nitaiwasilisha siku ya mwisho kabisa. Na lazima nieleze sababu."

"Utaandikaje?"

"Mhojiwa alihamisha taka kwa kuona aibu."

"Andika alikuwa mgonjwa."

"Ni mgonjwa kweli, kaka," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Tukakaa juu ya turubai lililokunjwa. Baadaye nikamuuliza hizo siku nane niishi vipi.

"Kama unavyoishi siku zote. Ukibadilisha kitu kwa sababu napima, ni uongo vilevile."

"Yaani ninywe?"

Alikuwa ametia kalamu mdomoni, anaitafuna. "Mimi kama mdogo wako, nakukataza. Kama mtafiti, siruhusiwi kukwambia lolote."

"Sasa nimsikilize nani?"

"Yeyote atakayekufanya usinidanganye."

Basi nikanywa soda kwa ajili ya sayansi. Kila asubuhi nilimkabidhi kiroba kwa mkono wangu, akamwaga mbele ya mlango, akahesabu kwa sauti kwa sababu bibi alidai haki yake, kama Kaya Namba Tano, ya kusikia. Mbili. Mbili. Tatu.

"Ee, kumbe mwali ana kiu!" bibi akashangilia kutoka kizingitini.

Siku ya sita ilitoka moja. Mdogo wangu akanikazia macho.

"Umeficha wapi?"

"Kaangalie chini ya kitanda. Nilishika ya pili, roho ikagoma, nikairudisha dukani."

Alikwenda kuangalia kweli. Akarudi, akaandika moja, na pembeni yake kitu kingine kwa herufi ndogo ambazo kutoka nilipokaa sikuweza kuzisoma.

Siku ya nane alipima, akaandika, akavua glavu moja baada ya nyingine. Mie nilikuwa kizingitini na soda ya asubuhi, baridi, niliyoifungua alipoanza kupima.

"Mtafiti amemaliza kazi yake," akasema, akanyoosha mkono.

Nikaitazama chupa. Ilikuwa bado nusu. Nikampa.