Frateri Lucian wa Makote, Aliyenyamaza Mbele ya Paroko

Alizaliwa Makote, wilayani Newala, mwaka 1991, mtoto pekee wa Ursula. Kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo aliyempeleka jandoni na shuleni ni mjomba wake, ndiye mimi ninayeandika. Mwaka 2011 alikwenda chuo kikuu kusomea kilimo. Nami, niliyepata kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na watoto watano, niliwatangazia watu mnadani kwamba daktari wa mikorosho yu njiani.

Mwaka wa pili aliacha kilimo ili akasome falsafa na teolojia seminarini. "Shikamoo, mjomba," alisema. "Mikorosho naipenda, lakini Mungu ananiita." Sikumwitikia marahaba. Jumapili ile Gasper, jirani yangu, alinitania nje ya kanisa: "Mzee, daktari wako kakimbia salfa, dawa ya mikorosho?" Watu wakacheka. Kwa aibu nikajibu, "Amefeli. Wamemfukuza." Ulikuwa uongo.

Habari zikamfikia paroko, akatuita sote wawili. Lucian alikuwa na karatasi ya matokeo mfukoni. "Ni kweli ulifeli?" paroko akamwuliza. Kwetu mpwa hamkanushi mjomba mbele ya mtu. Alinitazama, akangoja. Nilitazama sakafu. "Baba Paroko," akasema, "mjomba ndiye mzazi wangu. Ataeleza yeye." Sikueleza. Paroko hakumwandikia barua ya kumthibitisha, na seminari ikaahirisha kumpokea kwa mwaka mzima.

Mwaka huo aliwapulizia wajane salfa mikorosho yao bila malipo. Bibi Mwanaisha, Mwislamu, husema hadi leo miti yake haijaugua tena. Sithubutu kuuita muujiza, wala kukataa.

Hatimaye alipokelewa, akamaliza falsafa, akaingia teolojia. Alifariki kwa malaria Masasi mwaka 2020, mwezi mmoja kabla ya kupewa ushemasi. Kaburini Gasper alisema, "Kwa mtu aliyefeli, alikuwa mwema sana." Nilinyamaza tena.

Baada ya matanga Ursula aliniletea karatasi aliyoikuta ndani ya Biblia ya mwanawe. "Nisomee, kaka. Wewe ndiye msomi." Nilisoma. Masomo yote alikuwa amefaulu, mengi kwa alama A.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Aliichukua karatasi yake, akaondoka.

Jumapili iliyofuata nilisimama wakati wa matangazo, nikasema Lucian hakufeli. Ursula hakugeuka. Paroko ameniagiza niyaandike maisha haya, yasomwe katika kila jumuiya, ili vijana waige upole wake na sisi wazee tujifunze kusema kweli mapema. Nitayasoma mwenyewe, nikianzia jumuiya ya Ursula.