Mawe Meupe Kabla ya Columbus

Mwalimu wetu wa historia alituonyesha picha za barabara ya Warumi: mawe yaliyopangwa kama meno ya babu, na pembeni nguzo za kuhesabia maili na makaburi. Warumi walizika watu wao kando ya njia. Kisha akatupa kazi: kila mtu atafute barabara ya zamani, apige picha za mabaki matano. Kwangu mimi kazi hiyo ndiyo ingeamua kama ninapita au ninarudia somo likizo yote.

Kutoka Shively, kitongoji chetu cha Louisville, Marekani, hadi Roma ni mbali kidogo. Lakini wiki hiyo tulikuwa tunatoka Louisville kwenda Buffalo, kwenye harusi ya mjomba, na kabla ya kufika mji wa Columbus kuna barabara kongwe yenye mawe yake ya maili. Nilimbembeleza baba siku tatu. Akakubali tuache barabara kuu kwa saa moja, si zaidi.

Jiwe la kwanza lilikuwa jeupe, kimo cha goti, juu limeviringika, kwenye majani karibu na duka la matairi. Baba alipunguza mwendo, akavua kofia, akazima redio. Mama akaanza kuomba kwa Kirundi. Nilichelewa kuelewa. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, walikokulia wote wawili, jiwe jeupe kando ya njia lilikuwa na maana moja tu.

Nikatoa simu. Mama akainyakua.

"Kaburi la watu halipigwi picha."

Nikamweleza kwamba ni jiwe la maili. Shida ni kwamba mwezi uliopita nilikuwa nimemweleza pia kwamba shule imefungwa kwa sababu ya panya.

Tukapita la pili vilevile, baba kichwa wazi, mimi nikiona likizo yangu inazikwa. Hapo nikakumbuka kwamba baba ni mtu wa namba. Ghalani anakofanya kazi hakuna boksi linalopita bila kuhesabiwa.

"Baba, lile liliandikwa Columbus ishirini na moja, hili ishirini. Marehemu gani anahesabu kurudi nyuma?"

Alirudisha maili za dashibodi kwenye sifuri, akaendesha kama aliyebeba mayai. Ilipofika maili moja, jiwe la tatu lilikuwa pale.

Basi, mawe yakamteka. Akaligeuza gari turudi kwa yale mawili ya kwanza. Kila jiwe alilizunguka, akipitisha vidole kwenye maandishi. Walichonga kwa chombo gani? Lililetwa na ng'ombe au farasi? Nani alipima maili kabla ya magari? Mwalimu hakuwahi kutuuliza hata nusu ya hayo. Mama akanirudishia simu bila kuniangalia. Tulipofikisha picha nne, saa yetu ilikuwa imekwisha zamani.

La tano aliliona baba mwenyewe, ndani ya uzio mfupi ukingoni mwa shamba la mahindi. Akaniita, akasema hili ni zuri kuliko yote. Nikainua simu. Mama, aliyekuwa ameshuka kunyoosha miguu, akainama kusoma. Neno Columbus halikuwepo. Kulikuwa na jina la mtoto, na miaka miwili inayofuatana.

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Aliuliza tu kama nina hakika na yale mengine.

Nilikuwa na hakika. Ila nikamwambia na lile nililolificha tangu Louisville, kwamba Warumi waliweka vyote kwenye njia moja, maili na makaburi.

Mama akaligusa jiwe. "Walikuwa na akili. Msafiri anajua amebakiza umbali gani, na anajua wa kumwombea."

Akaomba. Baba na mimi tukasimama nyuma yake. Simu ilikuwa mfukoni.

Kazi niliituma nikiwa kwa mjomba, Cheektowaga karibu na Buffalo: picha nne, na mahali pa ya tano aya moja inayoeleza kwamba jiwe lilikuwepo na kwa nini halionekani. Mwalimu alikata alama moja, nikapita kwa chupuchupu. Sikubishana naye, jambo lililomshangaza kuliko Roma yenyewe.