Skauti Ni Mkweli

Kila ninapoona mtoto wa skauti akipanda jukwaani kumvisha mgeni rasmi skafu, nageuza uso. Wenzangu wa sokoni Mwanjelwa wanalijua hilo. Shughuli ikifanyika jirani, ngoma zikipigwa, watoto wakisimama wima juani na mgeni akiinamisha shingo yake nene, wao wanapiga makofi na mimi nachambua mchele wangu. Wananitania kwamba nina wivu, natamani kuvishwa mimi. Waache wacheke. Skafu ile niliwahi kuifanyia kazi, na nina haki ya kuikasirikia.

Nilizaliwa kijiji cha milimani, juu ya Iringa mjini, kwenye mashamba ya viazi na misitu ya mipaina. Nilipokuwa darasa la sita tuliletewa mwalimu kijana wa hisabati, mtu wa mbali, Kihehe hajui hata cha kuombea maji. Ndiye aliyeanzisha skauti shuleni kwetu. Mwanzoni tulifuata filimbi tu. Tulibaki kwa sababu alikuwa mtu mzima wa kwanza tuliyemwona akisema jambo na kulitimiza. Akisema Jumamosi asubuhi, Jumamosi asubuhi yupo uwanjani, hata ukungu uwe mzito kiasi gani.

Alitufundisha mafundo ya kamba, kuwasha moto kwa kuni mbichi, kumbeba aliyevunjika mguu. Alitufundisha na historia, na hakuipaka sukari. Alisema mwanzilishi wa skauti alikuwa mwanajeshi wa Kiingereza aliyepigana vita kusini mwa Afrika, kwamba wakoloni ndio waliotuletea mambo haya, na kwamba baada ya uhuru wakubwa wetu nao waliyapenda, kwa kuwa kila mkubwa anapenda watoto waliozoea kupiga saluti. Mmoja wetu akamuuliza kwa nini basi tuvae vya mkoloni. Akajibu, "Hata shule walileta wao. Usiulize kaleta nani, uliza wewe unaifanyia nini."

Katika sheria zote za skauti, aliyoisimamia zaidi ni ya ukweli. "Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa," alisema. "Usitie chumvi, usipunguze, wala usimwangalie anayeuliza kama kanuna." Mimi nililishika hilo kuliko wote. Nilikuwa kiongozi wa kikosi cha wasichana na nilijiona mtu.

Tulisalimiana kwa mkono wa kushoto, kama wanavyofanya skauti dunia nzima. Kwetu mkono huo ni wa chooni. Ukimpokelea mtu mzima kitu kwa kushoto unazabwa kofi kabla hujasema asante. Mwalimu alitueleza kwamba zamani shujaa alishika ngao kwa mkono huo, na anayekupa kushoto ameweka ngao chini, amekuamini. Sisi wajukuu wa watu wa mikuki na ngao tulilipenda neno hilo mno. Akatuonya tusimsalimie hivyo asiye skauti, hasa wazee, wasije wakadhani tumewatukana.

Ahadi tuliila mwezi wa sita, kwenye kambi msituni. Kila mmoja alikuwa amepinda skafu yake mwenyewe kwa sindano na uzi. Tuliwasha moto, tukauzunguka, tukaahidi mmoja mmoja kumtumikia Mungu na nchi, kuwasaidia watu na kuzitii sheria za skauti. Mtoto wa mwenye duka, Muislamu pekee darasani kwetu, alisimama karibu yangu. Aliapa kwa maneno yale yale niliyoapa mimi. Mwalimu akatuvisha skafu, akatupa mkono wa kushoto. Sijawahi tena kuvaa nguo iliyonifurahisha vile, na nimeolewa kwa shela.

Balaa lilianzia kwenye mahafali ya darasa la saba. Mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri, alimwalika diwani, akamwahidi kwamba skauti watamvisha skafu kama anavyovishwa mgeni mahali pengine. Mwalimu akakataa. Alikataa kwa adabu, mbele ya walimu wenzake, lakini alikataa.

"Skafu anavaa aliyekula ahadi, mzee," alisema. "Mgeni tumpe jogoo na mbatata."

"Wewe mwalimu, hii ni heshima ya kijiji."

"Mheshimiwa akitaka skafu aje kambini. Tutampokea kabisa."

Diwani mwenyewe alicheka, akachukua jogoo wake. Mwenyekiti hakucheka. Hakuna mtu mwenye hasira kama aliyejipendekeza kwa mkubwa akaumbuka.

Miaka ile ndiyo nchi nzima ilishikwa na habari za Frimasoni. Kwenye kibanda cha video walionyesha CD za watu waliosema wametoka kuzimu: walipewa utajiri, walikula viapo, walitoa watoto wao kafara. Mtu akinunua pikipiki, Frimasoni. Akifiwa na ng'ombe, kakosea masharti. Mwenyekiti hakuhitaji kumtaja mtu. Aliuliza tu, baada ya ibada, kama wazazi wanajua kwa nini watoto wao wanashikana mikono ya kushoto. Wiki haikuisha, kijiji kizima kikawa na jibu.

Jumapili iliyofuata tuliitwa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, sisi tuliokuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Walikuwepo wazee wa kanisa, mwinjilisti na wazazi. Mwalimu hakuitwa. Mtoto wa mwenye duka naye hakuitwa, maana hakuwa wetu. Mama yangu alikaa ukutani na Biblia mapajani, na kwa sababu nilikuwa kiongozi, wakaanza na mimi.

"Binti, mnasalimiana kwa mkono gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Wa kushoto."

"Mlikula kiapo?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Msituni."

"Moto ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

Leo nikikumbuka swali hilo nachemka. Mwezi wa sita, milimani kwetu, nani analala msituni bila moto? Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amevaa makoti mawili mle ndani. Lakini sikuulizwa habari za baridi.

"Mzazi yeyote alikuwepo?"

"Hapana."

"Huo mkono wa kushoto, aliwaambia msiwape watu wa nje?"

"Ndiyo."

"Katika kiapo hicho mlimtaja Yesu?"

"Tulimtaja Mungu."

"Nimekuuliza Yesu."

"Hapana, lakini ni kwa sababu yule mwenzetu Muislamu..."

"Jibu swali."

"Hapana."

Mama alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Mwinjilisti akafumba macho. Mwenyekiti akawageukia wazazi akasema yeye hana la kuongeza, mmesikia kwa mtoto. Na kweli walikuwa wamesikia. Hakuna neno hata moja nililosema ambalo lilikuwa uongo. Wenzangu walioulizwa baada yangu walisema yale yale, maana tulifundishwa na mtu mmoja.

Watu wengine wangeweka hapa majuto. Mimi sina. Nilikuwa mtoto, niliulizwa na watu wazima waliojua tayari wanataka kuokota nini kinywani mwangu. Hasira ninayo, na nyingine ni ya mwalimu mwenyewe. Alitufundisha kujibu. Hakutufundisha kwamba anayeuliza anaweza kuupanga ukweli wako ukawa kitanzi cha mtu mwingine. Labda naye alikuwa hajui.

Siku hiyo hiyo mama alichoma skafu yangu jikoni, chini ya sufuria ya maharage, huku akikemea mapepo. Nilikula maharage yale kwa sababu hapakuwa na chakula kingine. Mwalimu hakushtakiwa, na hapo ndipo palipouma, maana asiyeshtakiwa hawezi kujitetea. Aliyekuwa akimuuzia maziwa alisema ng'ombe amekauka. Aliyekuwa akimchotea maji alisema mgongo unauma. Alienda kwa mwinjilisti kueleza, akaambiwa mwinjilisti kasafiri, na viatu vyake viko mlangoni. Hakuna mzazi aliyekuja kumuuliza, hata mama yangu, ambaye mwalimu alimtengenezea paa la jiko lilipoezuliwa na upepo. Muhula ulipofungwa aliondoka juu ya lori la mbao, na godoro lake. Watoto tulikatazwa kutoka nje kumuaga.

Tulipata kipaimara. Mwaka uliofuata alikuja mwalimu mkuu mpya na skauti wakarudi, safari hii wasiojua fundo hata moja. Kazi yao ilikuwa kuvisha skafu wageni. Wa kwanza kuvishwa alikuwa mwenyekiti. Mpiga picha alipomwambia skauti hupeana mkono wa kushoto, akautoa wake, akacheka, wazazi wakashangilia. Nilisubiri mtu mmoja tu amuulize. Nilimwangalia mama. Alikuwa anapiga makofi.

Nilikuja Mbeya kwa ndoa, ndoa ikanishinda, biashara ya mchele haikunishinda. Kwa miaka nilikuwa nikienda Ubaruku kununua kwenye mashine za kukoboa. Jioni moja baada ya mavuno, mzigo wangu ukiwa unasubiri zamu, nilisogea kwenye mkutano wa injili uliokuwa ukifanyika uwanjani karibu na mashine. Sikufuata neno, nilifuata benchi la kukalia. Mhubiri akamkaribisha mtumishi mmoja atoe ushuhuda jinsi Bwana alivyomtoa Frimasoni.

Alipanda mtu mwembamba, kaanza mvi. Sauti niliijua kabla ya uso. Alisema aliwahi kuwa mwalimu Iringa, milimani. Alisema alitumwa kukusanya watoto. Akaeleza mkono wa kushoto, akaeleza moto na msitu, akasema watoto aliwaapisha kwa jina la mungu mwingine bila wao kujua, na kwamba kila jina alilipeleka kuzimu. Watu walikuwa wanalia. Mimi nilisimama. Sikuamua kusimama, miguu ilisimama.

"Mwalimu," nilisema, na mhubiri akasikia.

"Dada, unamfahamu mtumishi?"

"Alikuwa mwalimu wangu."

Uwanja ulilipuka. Nikaletewa kipaza sauti, nikasukumwa mbele. Kwenye benchi la mbele alikaa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, amemshikia yule mwalimu koti. Mhubiri akanishika bega.

"Basi wewe ni mmoja wa watoto wale. Waambie watu wa Mungu. Haya aliyosema ni kweli?"

Nilimwangalia mwalimu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi asiyefanya zoezi. Nilijua kabisa cha kusema. Kilikuwa kifupi, nilikuwa nimekibeba tangu chumba kile cha nyuma ya kanisa: si kweli, mtu huyu hakutufanyia lolote ila mema. Nikamwangalia na yule mwanamke.

"Ni kweli," nikasema. "Alitutoa wote."

Wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea mpaka kilemba kikadondoka. Watu nisiowajua walinikumbatia wakisema karibu nyumbani. Mtu mmoja alinipa soda.

Walipotawanyika mwalimu alinifuata kwenye mashine. Tulisalimiana kwa Kihehe. Alikuwa amejifunza, Mungu anajua wapi.

"Kila shule niliyopelekwa, habari ilitangulia," alisema. "Nikawa nasema si kweli, si kweli. Wakazidi kunikimbia. Nikaacha kazi, nikaja huku kubeba magunia, habari ikanifuata na huku. Siku niliyosema ni kweli, wakaniombea. Wakanipa kiwanja. Mke nimepata kanisani."

"Na sisi uliotupeleka kuzimu?"

"Nyie hamkuwepo kusikia. Nilijua haitawadhuru."

Nilikuwa natafuta pa kuanzia kumtukana, na kila tusi nililolipata lilikuwa la watu wengine.

"Nikuambie kitu," alisema. "Ulipoinuka pale nilikutambua papo hapo, nikajua nimekwisha. Katika watoto wote niliowafundisha, wewe ndiye niliyekuwa na hakika kwamba huwezi kusema uongo."

Akanishukuru, macho yamejaa machozi. Nikamwambia mkewe anamsubiri. Nilipakia mchele wangu, nikaondoka. Siku hizi nanunua Madibira. Ni mbali zaidi na nauli yake inaniumiza, lakini kule hakuna anayenijua.