Msaragambo wa Pikipiki

Nina kovu kwenye shavu la mguu wangu wa kulia, ukubwa wake kama yai la kuku. Wajukuu wakiniuliza nawaambia ukweli: nilichomwa na pikipiki iliyokuwa imesimama. Wanacheka mpaka wanakaa chini. Nami nawaacha wacheke, kwa sababu wapo watu waliokuwa na haki zaidi ya kulicheka kovu hili kabla yao, na hawakucheka.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache kabla hatujaanza kusikia habari za uhuru. Nilikuwa kijana, mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, juu milimani, mahali ambapo ukisimama uwanjani asubuhi unaiona Same yote chini yako, na reli, na barabara kuu ikikata nyika. Kutoka chuoni nilikuja na suruali mbili, jozi moja ya viatu na mdomo mkubwa. Suruali zilichakaa haraka. Mdomo haukuchakaa.

Kule chuoni mkaguzi mmoja wa Kizungu alikuwa akija na pikipiki. Siku moja aliiegesha chini ya dirisha letu akaingia kunywa chai, nami nikaikalia muda ule aliokuwa akinywa. Basi, ni hayo tu. Lakini nilipoanza kuwasimulia watoto wa darasa langu, kile kikombe kimoja cha chai kilirefuka, kikawa safari ya kutoka Moshi hadi Same, mimi nikiwa nimeshika usukani, upepo ukinipiga kifuani, ng'ombe wa wafugaji wakinipisha kule Kifaru. Watoto walisikiliza midomo wazi. Mtu akishasikilizwa hivyo mara moja, hatosheki tena.

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, aliyelelewa na babu yake. Wasichana darasani walikuwa wanne tu, na huyu alikuwa anawapita wote, pamoja na wavulana, kwa kusoma na kwa hesabu. Babu yake ndiye aliyekuwa akipiga pembe ya msaragambo. Kwetu Upareni, pembe ikilia kilimani alfajiri, kila nyumba hutoa mtu na jembe: leo tunasafisha mfereji, kesho tunajenga darasa, keshokutwa tunatengeneza njia. Hakuna mshahara, na hakuna anayekaa nyumbani. Hata mgeni anayepita hapitipiti hivihivi penye kazi, lazima aweke mkono wake walau kwa jiwe moja, ndipo aendelee na safari.

Mzee huyo alikuwa amekataa katakata mjukuu wake kusoma. Alipokubali alinivuta kando akaniambia, "Mwalimu, nimekupa huyu mtoto kwa sababu watu wanasema wewe husemi uongo. Siku nikikushika na uongo, anarudi jikoni kwa bibi yake."

Nikamwambia, "Mzee, hilo lisikusumbue." Nilisema kwa sauti nzito ya kialimu.

Ndipo ikaja habari kwamba Wazungu na Wahindi wenye pikipiki watashindana katika barabara kuu, siku ya Jumamosi, na watapita Same kuelekea upande wa Makanya. Darasa lilichemka. "Mwalimu, tupeleke! Mwalimu, utatuonyesha unavyoendesha!" Nikasema nitawapeleka. Ningesema nini?

Wazazi walikataa. Walikataa kwa adabu, lakini walikataa. Nani atateremsha watoto mlima mzima, awapandishe tena, kwa ajili ya kutazama wanaume wazima wakikimbizana? Migomba inahitaji maji, kuni zinahitajika, na nyikani kuna jua. Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikawaza nitakavyosimama mbele ya darasa Jumatatu kusema imeshindikana, mimi mwendeshaji mashuhuri wa pikipiki. Kiburi kilinipanda, na asubuhi yake nikaenda kwa yule mzee wa pembe nikamwambia kuwa serikali, kule bomani, imeomba watu wa kilima chetu tuje Jumamosi kutengeneza barabara kwenye korongo la mchanga, na kwamba watoto wa shule ndio watakaotangulia, pamoja na mwalimu wao.

Nilitegemea atanipa ruhusa ya watoto basi. Nilisahau ninaongea na nani. Jumamosi alfajiri pembe ililia kilima kizima.

Nilipofika uwanjani nilikuta watoto wangu, na baba zao, na mama zao wenye sufuria za makande kichwani, na wazee wawili waliokuwa hawajateremka mlima tangu siku nyingi. Kila mtu na jembe. Msichana wangu alikuwa amebeba kikapu cha kubebea mchanga kikubwa kuliko yeye. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," macho yakimeta. Nikamjibu marahaba. Pale pale ningeweza kusema ukweli. Njia ya kuteremka ni ndefu, ina kona nyingi, na kila kona nilijiambia nitasema kwenye kona inayofuata.

Tulifika korongoni jua likiwa limeshakuwa kali. Na kweli palikuwa pabaya, mchanga umejaa barabarani hadi kwenye vifundo vya miguu. Mzee alipatazama akatikisa kichwa. "Serikali imefanya vizuri kutuita," akasema. Watu wakagawana kazi: wanaume kuchimba, wanawake na watoto kuleta mawe, wazee kupanga. Wakaanza kuimba. Mimi nilibeba mawe madogo madogo na kuangalia upande wa Same.

Mlio ulisikika kabla hatujaona kitu. Kisha vumbi, kisha pikipiki ya kwanza ikatokea inakuja moja kwa moja. Watoto walipiga kelele za furaha. Nami pia, nakiri, nilipiga kelele. Mzee hakupiga kelele. Alitembea taratibu hadi katikati ya barabara, akainua pembe yake juu, akasimama.

Nilitaka kukimbia nimvute. Nikabaki na jiwe langu mkononi.

Yule mshindani alisimama. Alikuwa Mzungu kijana, miwani mikubwa, uso mweusi kwa vumbi kuliko wangu. Nadhani alimdhania mzee kuwa ofisa wa mashindano.

"Karibu, bwana," mzee akamwambia. "Tuna msaragambo. Weka jiwe, upite."

"Mzee, mimi nashindana!"

"Sisi sote tunashindana na korongo hili. Jiwe moja tu."

Kijana alitazama majembe, akatazama akina mama waliokuwa wakimngojea, akaelewa kwamba njia fupi ni ya jiwe. Lakini pikipiki yake ilikuwa inanguruma, na kwenye ule mchanga haikuwa na pa kuegemea. Akauliza nani atamshikia.

Darasa la tatu zima likajibu kwa sauti moja: "Mwalimu! Mwalimu anajua!"

Nilisukumwa mbele na mikono midogo isiyo na idadi. Yule kijana akanikabidhi usukani, akashuka, akaenda kutafuta jiwe. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba pikipiki ni nzito. Cha pili ni kwamba mkono wa kulia ndio unaotia mwendo, haupaswi kukaza, na wa kwangu ulikuwa umekaza kwa hofu kama wa mtu anayening'inia mtini. Mashine ilipiga ukelele, ikaruka mbele hatua moja, ikanilalia. Bomba la moshi likanikaa mguuni. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikimwita mama yangu kwa Kipare, mbele ya darasa langu lote.

Walininyanyua. Kijana aliinyanyua pikipiki yake, akaweka jiwe lake, mzee akamshukuru kwa mikono miwili, naye akaondoka. Watoto hawakucheka. Ningependa sana wangecheka. Msichana wangu alikuwa ananitazama tu, kama anavyotazama hesabu ambayo jibu lake halilingani.

Wa pili alisimama, akaweka jiwe. Wa tatu, Mhindi mmoja mnene, aliweka mawili na kuomba maji. Kisha likaja gari, na ndani yake Mzungu mtu mzima, mwekundu kwa hasira, aliyejua Kiswahili vizuri kuliko nilivyotamani.

"Nani amewaambia mje hapa leo?"

"Serikali," mzee akasema.

"Serikali ipi? Mimi natoka bomani asubuhi hii. Hakuna aliyewaita!"

Nyimbo zilikatika, majembe yakashuka. Mzee akamwacha Mzungu amesimama. Alinigeukia mimi, nimekaa kando ya barabara, mguu umepakwa tope.

"Mwalimu. Hii habari ya boma uliipata kwa nani?"

Ningeweza kumtaja karani fulani. Jina lake lilikuwa limeshafika mdomoni, na karani huyo hakuwepo duniani. Nikamwona mjukuu wa mzee amesimama na kikapu, na nikaona aibu kiasi cha kutaka mchanga ule unifunike.

"Sikuipata kwa mtu, mzee," nikasema. "Niliitunga. Nilitaka watoto waone pikipiki. Na pikipiki yenyewe sijawahi kuiendesha. Niliikalia tu, mwenyewe akinywa chai."

Mzee aliutazama mchanga na mawe yaliyokwisha kupangwa. Yule Mzungu akaamuru pikipiki zisisimamishwe tena, akarudi garini. Kisha mzee akasema, "Kazi iliyopigiwa pembe haiachwi katikati. Lakini walioitwa kwa uongo wamekwisha kufanya sehemu yao. Aliyewaita atamalizia."

Akawaongoza watu wote wakakae kwenye kivuli cha migunga iliyo kando ya barabara. Makande yakafunuliwa. Na hivyo ndivyo kilima chetu kilivyotazama mashindano ya pikipiki, tangu ile ya nne hadi ya mwisho, wakila, wakishangilia, watoto wakibishana ipi ina mbio. Mimi nilikuwa korongoni, nimeinama, nabeba mawe kwa mguu mmoja. Kila mlio ulipokuja nilitakiwa kuruka kando na kugeuza uso upande wa pili, nisije nikapigwa na kokoto machoni. Sikuona hata moja. Nilisikia tu, na nilisikia watoto wakisema, "Umeiona ile nyekundu?"

Mawe yalikaa vizuri, hilo naweza kujisifia. Pikipiki za nyuma zilipita bila kutetereka.

Tulipanda mlima jioni, na hakuna aliyetembea karibu nami. Mguu uliniuma, lakini Jumapili nzima nilikuwa nawaza kiti kimoja tu cha darasani, kile cha yule msichana, mbele karibu na dirisha. Babu yake alikuwa ameahidi, naye si mtu wa kuahidi halafu akasahau. Mtoto mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha atarudi jikoni, kwa sababu mwalimu wake alitaka kuonekana hodari. Sikulala vizuri, wala sikustahili.

Jumatatu niliingia darasani nikichechemea, bila kuthubutu kuangalia dirishani. Somo lilikuwa jiografia. Nikaanza kueleza habari za bahari: kwamba maji yake ni ya chumvi, kwamba hujaa na kupwa, kwamba ukisimama ufukweni huoni ng'ambo.

Mkono ukanyooka karibu na dirisha. Alikuwepo.

"Mwalimu, samahani. Babu amesema nitaendelea kuja shule. Lakini kila siku nikuulize: hili umeliona, au umesikia?"

Niliiweka chaki mezani. Wanafunzi wote walikuwa wananitazama.

"Nimesikia," nikasema. "Bahari sijaiona."

Akaketi, akachukua kalamu yake. Alianza kuandika.