Neno la Bi Rukia Katika Kasri la Mvinyo

Jumapili, Oktoba. Mvua ya rasharasha toka alfajiri, na upepo unatikisa madirisha ya fleti yetu hii ya Thamesmead.

Sijatulia leo. Nimekaa, nimeinuka, nimechemsha maji ya chai nikasahau kutia majani. Zuhura, binti yangu, amejifungia chumbani. Kesho wenzake wa ofisi mpya, ambako bado yuko kwenye majaribio, wanakwenda kutembea kwenye kasri la kale lenye mashamba ya zabibu, na yeye ameniambia, kwa Kiingereza chake, ati atapiga simu aseme anaumwa.

"Watanipa mvinyo, Mama. Nikikataa wataniona mshamba."

Mimi majibu hunijia mtu akishaondoka, ndiyo maana naandika.

Basi mwanangu, hebu nikurudishe kwenye siku moja ya ujana wangu. Nilikuwa mgeni London, nafanya kazi nyumba ya wazee, nami pia niko kwenye majaribio. Msimamizi wetu akakodi basi, tukapelekwa kwenye kasri nje ya mji. Zamani lilikuwa makao ya watawa. Wao ndio waliopanda zabibu za mwanzo. Wakafukuzwa, akaja tajiri akajenga juu ya misingi yao. Mtindo wake unaitwa baroko, kama nililisikia sawa, maana shule yangu ni ya msingi tu. Nilichokiona mimi ni nguzo zilizosokotwa kama kamba, na malaika wanene wa plasta waliopakwa dhahabu mpaka nyayo. Sisi tuliozaliwa Mji wa Kale, Mombasa, tunazijua kuta za nakshi, lakini zile, jamani, hazikuliachia jicho pahali pa kupumzika. Hata hivyo sikuzitazama vizuri. Roho yangu ilikuwa chini, ghalani, ambako tulishaambiwa tutaonjeshwa mvinyo.

Ghala lilikuwa baridi, mapipa yamepangwa chini ya matao yaliyojengwa na watawa. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyekuwa akigawa glasi. Nikaona kuna ndoo, na baadhi ya watu wanaonja kisha wanatema humo. Nikamnong'oneza Bi Rukia, mama mtu mzima wa Lamu aliyekuwa akifua nguo pale kazini: "Nitatia kinywani, nitatema. Kutema si kunywa."

Akanitazama. "Kinywa chako kimekuwa stendi, Mwanaisha? Watu wapande, watu washuke?"

"Atanifukuza kazi, Bi Rukia."

"Hajasema neno, wewe ushamjibia! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa wewe umekuja kumdanganya mwenyeji?"

Unajua kwetu, mtu akikukaribisha chakula nawe huli, hupiti kimya wala huzushi visingizio. Unasema, "Starehe." Yaani endelea, kula kwa raha yako, sina kinyongo. Bi Rukia akaweka mkono kifuani, akamwambia msimamizi vivyo hivyo, "Starehe," halafu akaongeza kwa Kiingereza cha kuokoteza: nyinyi kunyweni kwa raha, sisi dini yetu hairuhusu.

Mama mmoja, mfanyakazi mwenzetu, akacheka. "Nani anakuja nyumba ya mvinyo asinywe?"

"Na wewe umekuja nyumba ya watawa," Bi Rukia akamjibu, "mbona husali?"

Ghala zima liliangua kicheko, na yule mama, nimpe haki yake, alicheka kuliko wote. Msimamizi akaomba radhi kwa kutouliza mapema, akaenda mwenyewe kututafutia maji ya zabibu.

Sitaki kukupamba kwa maneno, mwanangu. Kazi nilithibitishwa, lakini sijui kama siku ile ilisaidia. Wapo waliosema hapana wakanuniwa, na mwenye kuogopa simlaumu. Labda Bi Rukia alibahatika tu kukutana na watu wema. Nimeliwaza hilo asubuhi nzima, na si jambo dogo. Lakini ukiumwa kesho, safari ijayo utaumwa nini? Njia ya mwongo ni fupi. Nenda ukawaone malaika wao, kama wanao. Kukataa si kutukana. Kinachomuudhi mtu ni kudhani unamdharau. Wakatalie glasi, usiwakatalie uso wako. Mungu akupe ulimi laini na moyo usiotetemeka, na kila mlango utakaoingia, utoke ukiwa wewe yule yule. Amina.

Alasiri nikajikaza, nikagonga mlango wake, nikamsimulia yote haya. Alinisikiliza huku macho yakiwa kwenye simu. Sikujua kama maneno yameingia.

Jioni nikamwita aje kula. Akasimama mlangoni, mkono kifuani. "Starehe, Mama."

Nikashtuka. Nikadhani amekasirika, hataki kula.

Akavuta kiti. "Nafanya mazoezi ya kesho."

Tumekula wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha, na ukoko wote ameumaliza yeye.