Neno "Subiri" Lilivyoniumbua

Leo nawasimulia nikicheka, lakini siku ile kule ukumbini Kilifi laiti ningejifanya naumwa nikabaki zangu Malindi. Mimi huandika tovuti, na kiburi kilikuwa kimenipanda nikataka lugha ya kompyuta tunayoandikia iongezwe neno la Kiswahili, "subiri", la kuiambia mashine ingoje kazi moja iishe kabla ya kuanza nyingine (la Kiingereza lipo, na libaki, sina ugomvi nalo). Kamati inayosimamia lugha hiyo ina sharti moja kubwa: ongeza utakacho, ila usivunje ukurasa wowote wa zamani, maana neno likishakuwa la lugha, hakuna ruhusa ya kulitumia kama jina la kitu kingine. Nikaapa kwa maandishi kwamba duniani kote hakuna tovuti iliyotumia jina hilo ndani yake. Kuchunguza sikuchunguza. Nani angenipinga?

Halafu, kwa kupenda sifa, nikaamua kuonyesha hadharani kwa tovuti ya shangazi yangu, Bi Rukia wa Shella, anayepika vyakula vya harusi. Nikamkalisha mbele kabisa na buibui lake jipya, wanakamati wakitutazama kwenye skrini kutoka ng'ambo. Nikatia neno langu kwenye lugha ile kwa majaribio, nikafungua ukurasa wa shangazi, ukaja mweupe. Hakuna biriani, hakuna mahamri, hata nambari ya simu ya shangazi haipo. Nikafunga, nikafungua tena, jasho linanitiririka mpaka kwenye miwani. Dada aliyekuwa akiendesha kikao akasogea, akasoma maandishi yanayoendesha ukurasa, akasema kuna orodha humo ya wateja wanaongoja kujibiwa, nayo imeitwa "subiri". Akauliza nani aliyeiandika.

Mimi, bila haya, nikasema ni fundi mmoja tu wa mtaani, asiyejua kazi.

Shangazi akanigeukia taratibu. "Mbona wasema fundi, mwanangu? Si wewe uliyeketi sebuleni kwangu Ramadhani nzima ukiiandika?"

Na yule dada (Mungu amsamehe, mimi bado) akawatafsiria wanakamati neno kwa neno. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi masikio yananiwaka kwa aibu.

Tangu hapo sisemi tena "haitavunja kitu" kabla sijafungua kila nilichowahi kuandika kwa mikono yangu. Jibu la kamati lilikuja baada ya wiki mbili, barua nzima kwa Kiingereza kizuri, isipokuwa neno la mwisho, ambalo walilichukua kwenye pendekezo langu mwenyewe: "Subiri."