Binti Aliyekataa Wali

Juzi, tukisubiri mpunga ukobolewe mashineni hapa Ifakara, mheshimiwa mmoja alisema redioni kwamba binti anayekataa chakula ana wazimu wa shibe. Watu wakacheka. Mimi nikatoa kalamu kwa hasira, nikamwandalia karipio.

Mama aliyekuwa akipepeta mchele kando yangu akaniamkia. "Shikamoo, mwandishi. Unamwandika huyo?"

"Marahaba. Lazima! Ulimi hauna mfupa."

Akaweka ungo chini. "Na wewe ulipoandika gazetini kuwa anayekonda hapa Kilombero, kwenye mchele wote huu, apimwe akili?"

"Ule ulikuwa utani, mama."

"Binti yangu aliusoma. Siku mbili hakugusa hata uji."

Karipio nililomwandalia mheshimiwa ndilo hili mnalolisoma. Nimefuta jina lake tu, nikaandika langu.